Mshale Uliotangulia Injini

Gari letu halikuweza kufika mlangoni. Vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa ni vya watu na mikokoteni, basi baba alikuwa akiliacha karibu na Ngome, tukashika njia ya Ndia Kuu kwa miguu, tukipita Msikiti wa Mandhry ulio pale tangu 1570. Magharibi ikikaribia, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na kutoka madirishani ikija harufu ya udi na samaki wa kukaanga.

Gari lenyewe lilikuwa saluni ya Kiingereza, kuukuu tayari tulipolinunua, viti vyake vikiunguza mapaja adhuhuri. Mimi nililipendea kitu kimoja: takomita, ile geji ya mizunguko ya injini. Shekhar Mehta alikuwa ameshinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na kila mtoto wa Kibokoni alikuwa dereva wa rali. Mshale ule ukipanda, moyo wangu ulipanda nao.

Lakini mshale ulitangulia injini. Baba akiuamini, akibadilisha gia mapema mno, na kwenye daraja la Nyali, lililokuwa bado jipya, gari likitetemeka na kuguna. Mama akishika dashibodi kimya.

Tukaenda kwa fundi Bondeni. Ua wake ulinuka petroli, grisi na viazi karai vya jirani. Akafungua boneti, akaunga mita yake kwenye koili, akamwambia baba apige resi taratibu. Mita ya fundi iliposema 800, geji yetu ilisema 1,000. Kwenye 3,000, yetu ilikaribia 3,800.

“Njoo uone, mwanangu,” akaniita. “Injini hii ina silinda nne. Ikizunguka mara moja, koili yatoa cheche mbili. Geji yahesabu cheche, haioni injini. Vidude vilivyomo ndani yake vikizeeka, hesabu yapotea.”

“Haitengenezeki, ami?” nikauliza.

“Twaijaribu.”

Akaitoa geji, akakizungusha kijiskrubu cha nyuma kwa bisibisi nyembamba, akishusha pumzi kila mara kama mtu atiaye uzi sindanoni. Ikakaa sawa. Ulipoingia msimu wa kaskazi na joto lake, mshale ukarudia mbio zake.

Safari ya pili fundi hakuchukua bisibisi. Aliomba rangi ya kucha. Mama akatoa kichupa chekundu mkobani, na fundi akatia nukta kwenye kioo, pale mshale ulipofika injini ilipokuwa kwenye 3,000 za kweli. Naiheshimu nukta ile kuliko namba zote zilizochapwa kiwandani. Kisha akaketi kando ya baba, tukaenda hadi barabara ya Mama Ngina, mimi na mama nyuma, madirisha wazi, chumvi ya bahari midomoni.

“Usiitazame, Bwana. Isikize. Bado… bado… haya, sasa!”

Baba akatia gia ya tatu, na gari likateleza bila kuguna, tukaipita mibuyu na wauza mihogo wakipuliza makaa yao. Mama akacheka kwa sauti.

Miaka baadaye, mnunuzi alipokuja kutoka Likoni, baba alimweleza nukta ile kabla hata ya kutaja bei. Yule kijana akatoa kalamu, akaandika namba zote kwenye kiganja.