Azame, au Azamishwe?

Likizo iliyopita niliwasili Juani na filamu bubu ndani ya kompyuta yangu: Sunrise ya F. W. Murnau, iliyotolewa mwaka 1927. Shangazi yangu hajui Kiingereza, basi nikajitwika ukalimani wa maandishi machache yanayojitokeza baina ya picha. Nilidhani ni kazi nyepesi.

Wahusika hawana majina. Wapo Mume, Mke na Mwanamke wa Mjini. Usiku, kando ya ziwa, huyu wa mjini anamshawishi Mume auze shamba wafuatane mjini. Na mke wangu je, anauliza Mume. Jibu linaandikwa kwenye kioo, kisha herufi zake zinateleza na kudidimia kana kwamba zimetoswa majini. Nikafasiri upesi: kwani mkeo hawezi kuzama?

"Azame, au azamishwe?" akauliza shangazi.

Nikakwama. Kiingereza cha maandishi yale kilikaa katikati, kikimwachia msikilizaji aamue. Kiswahili hakikuniruhusu. Kuzama ni ajali. Kuzamishwa kuna mkono wa mtu, na viambishi viwili tu ndivyo vinavyoutenga msiba na hiana. Nikakiri: "Azamishwe." Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama aliyekwisha kujua.

Chombo kilipong'oa nanga, mbwa wa nyumbani akajinasua, akajitosa na kukifuata. "Mbwa keshang'amua," alisema. Mume alipiga makasia kainamisha kichwa, na shangazi, aliyevuka mara zisizohesabika kwenda Chole na Utende, hakumwamini mvushaji asiyemtazama abiria wake. Mume aliposimama na kumwelekea mkewe, shangazi alinishika mkono. Mume hakuweza. Jioni, dhoruba ilipowakuta wakirejea, matete aliyoyaficha ili ajiokoe mwenyewe akamfunga nayo mkewe, na hayo ndiyo yaliyomwokoa. Janet Gaynor, aliyekuwa Mke, hakuhitaji neno hata moja. Uso wake ulitosha.

Tangu utotoni nimemsikia shangazi akisema juu ya mumewe, aliyekwenda Dar es Salaam asirudi: "Tuliachana." Kauli ya kutendana, yenye mizani sawa pande zote mbili, kama watu walioagana mlangoni. Sikuwahi kuihoji, mimi ninayejidai mtunzi.

Nilipofunga kompyuta alikaa kimya kitambo.

"Mimi niliachwa, mwanangu," akasema, kisha akainuka kwenda kuwafungia kuku.