Boga, Ua na Mbwamwitu

Ndugu msomaji, kama una mchumba na unataka kumjua vizuri kabla ya mambo ya posa, usihangaike kumpeleka Coco Beach wala kumnunulia chipsi kuku. Mwazime riwaya inayoitwa Blood and Chocolate, mpe wiki mbili, kisha muulize swali moja tu: Aiden ana kosa gani? Jibu lake litakuonyesha mengi kuliko barua kumi za mapenzi.

Nasema hivyo kwa sababu nakala moja ya kitabu hicho, iliyonunuliwa kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Dar es Salaam, imepita mikononi mwetu watu saba. Jalada limeshang'oka, kurasa zina madoa ya chai, na mpaka leo hatujaelewana. Wapo walionuniana kabisa. Na kitabu chenyewe wala si kipya. Kilitoka Marekani mwaka 1997. Mwandishi ni Annette Curtis Klause, mama aliyezaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1953, akahamia Marekani akiwa bado msichana, na akafanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi katika jimbo la Maryland. Mwaka 1990 alikuwa ameshatoa riwaya ya mapenzi na mnyonya damu, The Silver Kiss. Safari hii akaja na watu-mbwamwitu.

Hapa tuelewane. Mbwamwitu anayesemwa si yule wetu wa mbugani, mwenye madoadoa na masikio ya duara. Ni yule wa misitu ya baridi ya Ulaya na Amerika, ambaye Wazungu wamemtungia visa vya kutisha tangu enzi na enzi. Katika visa hivyo mtu hugeuka mnyama mwezi unapokuwa mpevu, na dawa yake ni risasi ya madini ya fedha. Kwa kawaida mgeukaji huyo huwa amelaaniwa. Klause akageuza kibao. Watu-mbwamwitu wake ni ukoo, wamezaliwa hivyo, wana wakubwa wao na mila zao, na wanajivunia miili yao miwili. Kwao wao, mwenye kilema ni wewe na mimi tusioweza kugeuka.

Vivian Gandillon ana miaka 16. Ukoo wake ulikuwa unaishi West Virginia, mpaka siri ilipovuja na nyumba zao zikachomwa moto. Baba yake, aliyekuwa kiongozi, akafia humo. Waliobaki wakahamia mji mmoja wa Maryland kujificha. Shuleni Vivian hana rafiki. Siku moja picha aliyoichora inachapwa kwenye jarida la wanafunzi, na anapofungua jarida hilo anakuta shairi la mvulana anayeitwa Aiden, linalohusu mtu kugeuka mbwamwitu. Vivian anashangaa: huyu binadamu amejuaje? Anamtafuta, anampata, wanapendana. Nyumbani, mama yake na ukoo mzima wanasema hapana, yupo Gabriel, mwanamume wa kwetu, ndiye anayekufaa. Vivian hasikii. Usiku mmoja anaamua kumwonyesha Aiden yeye ni nani. Anageuka mbele yake, chumbani. Aiden, mshairi wa mbwamwitu, anaingiwa na hofu kuu, na Vivian anatoka kwa kuruka dirishani. Yanafuata mauaji, lawama na bastola, na mwisho Vivian anapigwa risasi ya fedha iliyotoka kwenye mkono wa Aiden. Hafi, lakini anakwama katikati, si mtu si mnyama, mpaka Gabriel anapomtoa alipokwama.

Basi hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Kundi la kwanza, wengi wao akina dada, walimkalia Aiden kooni. Walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Kijana alikuwa anajipitisha na mavazi yake ya ajabu, anaandika mashairi ya mizimu na mwezi, anataka aonekane mtu wa siri nzito. Siri ilipomjia miguu minne akatafuta pa kukimbilia. "Huyo si mpenzi, huyo ni mtalii," alisema mmoja wao, na neno hilo likapokelewa kwa vigelegele.

Kundi la pili likasema, aa wapi! Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Vivian alionywa na mama yake, akaonywa na wakubwa, akaziba masikio. Na huyo Aiden mnamlaumu kwa lipi? Wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa chumbani na mchumba wako, ghafla uso ukaanza kurefuka na mgongo ukaota manyoya, utasema "karibu, mpenzi"? Si utapita dirishani na nondo zake! Kundi hili lilikuwa la wanaume zaidi, na nadhani baadhi yao walikuwa wanajitetea kuliko walivyokuwa wanamtetea Aiden.

Dada mmoja, mwalimu, hakuingia kundi lolote. Yeye alikuwa na ugomvi na Gabriel. "Mnashangilia nini?" alituuliza. "Mwanamume ana miaka 24, binti ana 16 na bado yuko shuleni. Anamfuatafuata, hasikii akiambiwa hapana, halafu mwisho mnaambiwa ndiye mwokozi. Mtoto akija kwangu na kisa kama hicho nitamwita mzazi wake." Kimya kikatanda. Hoja hiyo haijapata mjibu mpaka leo, na mimi naona haina. Huko Marekani kwenyewe kitabu kimepigiwa kelele kwa sababu za namna hiyo. Mwaka 2001 chama cha wakutubi cha nchi hiyo kilikitaja miongoni mwa vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi.

Kisha yupo mshikaji wetu wa Singida. Huyu alikisoma mpaka nusu akakirudisha. Kwao, alisema, mambo haya si ya kuandikia mapenzi. Mwaka 1946 na 1947 Singida ilitikiswa na mauaji yaliyosemwa kuwa ya watu-simba, na wazee bado wanayasimulia kwa sauti ya chini. Na sisi wengine tuliokulia bara, nani hajatishwa utotoni na wachawi wanaopanda fisi usiku? Kwetu mnyama-mtu huwa adui au chombo cha adui. Anakamatwa, anafukuzwa, anauawa. Hakuna anayemuuliza anajisikiaje. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukimaliza kitabu, maana Klause amefanya jambo hilo hasa: amekaa ndani ya ngozi ya yule anayefukuzwa. Hakukubali. Alisema aliyefiwa hawezi kukaa ndani ya ngozi hiyo hata kwa kusoma tu. Neno hilo nimelibeba.

Watengenezaji wa filamu nao walikuwa na maoni yao. Filamu ilitoka mwaka 2007, ikahamishia kisa Bucharest, Romania, ikamfanya Gabriel kuwa jitu baya, na Vivian akaondoka na Aiden. Wanaume wa kundi la pili waliiona wakafurahi, eti Aiden amesafishwa jina. Mimi niliona imekwepa swali. Ukimfanya Aiden shujaa asiyeogopa, basi hakuna tena la kubishania.

Sasa nifike pale palipoyabadilisha mabishano yetu. Msomaji wa saba alikuwa dada mpole, mshonaji, ambaye wiki zote hizo alikuwa akisikiliza tu. Alipoulizwa alisema, "Mimi nina kifafa." Hakuna aliyekuwa akijua. Akaendelea kwamba alikuwa na mchumba, na alimficha kwa mwaka mzima kwa sababu dawa zilikuwa zikimkaa vizuri. Siku moja akaanguka mbele yake. Alipozinduka, kijana alikuwa amesimama mlangoni. Akamletea maji, akasema pole, akaaga. Hakurudi. Baadaye zikaja habari kwamba kwao wanaogopa ugonjwa utaambukiza watoto. Kifafa hakiambukizi, mnajua? Sisi tukasema tunajua. Sijui kama sote tulikuwa tunasema kweli.

Tulitegemea amchukie Aiden kuliko yeyote. Hakumchukia. Alisema kuogopa hakumhesabii. Yeye mwenyewe angejiona siku ile angeogopa. Anachomhesabia Aiden ni kwamba baada ya hofu kupita hakurudi hata kuuliza. Kesho yake alikuwa na akili timamu, na kwa akili hiyo hiyo akaitafuta risasi. Hofu ya usiku mmoja ni ya mwili. Risasi ya fedha haiokotwi njiani. Lazima ukae chini uitengeneze.

Halafu akatuonyesha jambo ambalo sote sita, na ubingwa wetu wote, tulilipita. Vivian alipokwama katikati, hataki kuonekana na mtu, Gabriel hakuanza na maneno ya kumsifia. Alimsimulia aibu yake: aliwahi kumpenda mwanamke binadamu, na siku moja mwili ulimgeuka akiwa naye, na mwanamke yule akafa. Alijivua yeye kwanza. Ndipo akamwomba Vivian arudi. "Mwalimu ana haki kuhusu ile miaka," alisema mshonaji, "mimi huyo mwanamume simtaki. Ila angekuja mtu akae karibu yangu aniambie lake kwanza, mimi langu ningelisema siku ya kwanza."

Toka siku hiyo methali zile mbili zimeanza kunichosha. Ya boga inamwamrisha mpenzi apende kila anachokikuta, kana kwamba moyo ni jeshi. Ya ndege inamfungia kila mtu kwenye kiota alichozaliwa. Zote mbili zinamwangalia anayepokea siri. Yule anayeitoa, saa ngapi aitoe, kwa nani, na alipwe nini kwa kuitoa, hakuna methali iliyomshika mkono. Vivian alidhani mtu aliyeandika vizuri kuhusu mbwamwitu ataweza pia kumwona. Msichana wa watu alisoma shairi akaliamini.

Na hapo linatugusa sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Kwenye kurasa za majarida kama hili tunaandika kuhusu machangudoa, vichaa wa sokoni, wagonjwa wa Ukimwi, watoto wa mitaani. Tunawapamba kwa tashbihi. Siku mmoja wao atasoma, aseme "huyu amenijua", avuke barabara aje kugonga mlango. Sisemi tusiandike, Aiden asingeandika, Vivian angebaki peke yake na picha yake. Nasema tu kwamba mgonga mlango huyo haji kutafuta tashbihi nyingine.

Nakala yetu sasa iko kwa mshonaji. Amelitia jalada jipya la kitambaa, na anasema ataisoma tena kabla ya kumwazima mtu mwingine. Yupo mtu anayetaka kumwazima, kijana mmoja, jina hatutajiwi. Mshikaji wa Singida anashikilia kwamba hataisoma. Mwalimu anataka tumwandikie mwandishi kuhusu Gabriel. Nawe msomaji, ukibahatika kuipata, usituandikie Vivian alistahili nani. Tuandikie ungefanya nini kesho yake asubuhi, hofu ikiwa imekwisha, na kitanda bado kina manyoya.