Kemia Bila Ada ya Tuisheni

Juzi jioni nilimpeleka binti yangu maktaba hapa Minneapolis, na mpaka leo bado nina wivu. Maktaba za kaunti ya Hennepin zina huduma ya kuwasaidia wanafunzi kazi za nyumbani, na hulipi hata senti. Unaingia, unavuta kiti, unatoa daftari.

Mezani tulimkuta mzee mmoja wa kujitolea, mstaafu, shati limechomekwa vizuri, penseli mbili mfukoni. Swali lilikuwa hili: gramu 2.43 za magnesiamu zimetiwa kwenye mililita 100 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita. Katika halijoto na kanieneo sanifu itapatikana haidrojeni lita ngapi? Binti yangu alikuwa ameshapiga hesabu vizuri tu: magnesiamu moli 0.1, asidi moli 0.1. Akaona zinalingana, akahitimisha kwamba zote zinaisha pamoja, akaandika lita 2.24. Kitabu kinasema 1.12. Alikuwa amefuta mpaka karatasi imetoboka.

Mzee hakugusa jibu. Alimwomba aandike mlinganyo, kisha akaweka ncha ya penseli kwenye ile 2 iliyo mbele ya HCl, akanyamaza. Alinyamaza sana, mpaka mimi nikataka kusema. Binti akatazama, akasema polepole kwamba kila magnesiamu moja inadai asidi mbili. "Kwa hiyo nani anaishiwa kwanza?" Asidi! Nusu ya magnesiamu inabaki chini ya chupa, na gesi inakuwa nusu ya alichodhani. Alicheka kwa sauti humohumo maktabani.

Sasa nyumbani, Tanzania. Moli inafundishwa mwalimu akikimbizana na silabasi, darasa limejaa mpaka dirishani, na ukinyoosha mkono kuuliza wenzako wanakuita kilaza. Halafu jioni mada ileile iliyoachwa nusu darasani inamaliziwa tuisheni, kwa pesa, pengine na mwalimu yuleyule. Hili linaniuma kuliko yote. Baba aliuza baiskeli yake ili kaka yangu alipie tuisheni ya PCB. Mimi nikasomea madesa ya kaka. Msiniambie tuisheni ni bidii ya mzazi. Ni mzazi kulipia somo moja mara mbili.

Kabla hamjanishukia: najua mzigo wa vipindi alionao mwalimu, na mshahara wake naujua. Na hata Marekani wenye pesa wanaajiri walimu wa kuwafundisha watoto wao nyumbani kwa malipo ya saa. Ninachosema ni kwamba huku asiyenazo naye ana pa kwenda.

Ila kuna kitu ambacho binti yangu hatakipata huku: diskasheni. Prepo ya usiku, umeme umekatika, taa ya chemli juu ya dawati, mnasolvu pasti pepa za NECTA ubaoni na chaki inagombaniwa. Titresheni mimi sikuielewa kwa mwalimu. Niliielewa usiku ambao dada mmoja wa kidato cha sita alinisimamisha niwaeleze wenzangu kwa nini asidi kali na besi hafifu zinataka methili oranji na si fenolfthaleni. Nilieleza kwa Kiswahili, tukaandika kwa Kiingereza, kama kawaida yetu. Huku kila mtoto yuko chumbani kwake na kompyuta yake.

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu, Morogoro. Hunitumia picha za maswali kwa WhatsApp: "Shikamoo shangazi, hili limenishinda." Kwangu ni jioni, kwake ni usiku wa manane na bado hajalala. Zipo programu za simu, unapiga picha swali na jibu linashuka kabla hujameza mate. Nimemkataza, kwa sababu chumba cha mtihani hakiingii simu. Nimemtumia video za Khan Academy, ambayo chanzo chake ni Salman Khan kumfundisha hesabu binamu yake kwa mbali mwaka 2004, yaani undugu tu. Ni nzuri mno, lakini bando la mtoto linaisha video ikiwa nusu.

Kwa hiyo nimeanza kumsumbua kaka. Shule ya kata iko karibu na kwake, na jioni madarasa yanafungwa. Mitihani ya kidato cha sita huisha Mei na vyuo hufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Wale wasiokwenda jeshini, JKT, wapo tu mtaani, na moli bado iko kichwani. Wapewe darasa moja, chaki, nauli na chai, wawasaidie wadogo zao jioni. Nauli na chai nimesema nitatoa mimi. Kaka anasema mkuu wa shule anataka barua rasmi ya wazazi. Nimeiandika jana usiku na nimeshamtumia. Sasa kazi ya kutafuta saini ni yake.