Ulinzi Niliuzima Mimi

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipiga Windows mjini Morogoro, na kompyuta nyingi zilizopita mikononi mwangu zilirudi kwa wenyewe zikiwa hatarini zaidi kuliko zilivyokuja. Kazi yenyewe ndivyo ilivyokuwa. Mteja anataka Windows, Office na Photoshop, mfukoni ana elfu kumi na tano, na leseni ya Windows peke yake inazidi bei hiyo mara nyingi. Fundi anayemweleza ukweli anamkosa. Anayeweka kreki, yaani programu ya kuikwepa leseni, anakula.

Kreki na ulinzi havikai pamoja. Ukiiweka, Windows Defender inaikamata na kuifuta. Ukiizima Defender, baada ya muda inajiwasha yenyewe. Kwa hiyo nilikuwa na njia yangu ya mkato: naingia kwenye mipangilio yake, kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, naandika humo diski C nzima. Defender inabaki imewaka na alama yake ya kijani, mwenye kompyuta akiitazama anaridhika. Lakini faili likishatua kwenye C halikaguliwi tena, na kwa watu wengi kila kinachopakuliwa kinatua humo humo. Masasisho nayo niliyafunga. Wateja walilalamika kwamba yanamaliza bando, nami niliogopa yasije yakaiharibu kreki.

Mwaka 2020 nilimfanyia hivyo mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi ya Msamvu. Nikamwongezea na somo. “Ukiona Windows inakutisha kwa kidirisha cha bluu, mama, bofya hapa kwenye maelezo zaidi, halafu hapa chini iruhusu tu iendelee.” Akayaandika maneno yangu kwenye daftari lake la madeni, hatua kwa hatua, akanishukuru.

Wateja wake walikuwa wakimletea PDF wakitaka zigeuzwe ziwe Word. Siku moja akatafuta mtandaoni programu ya kazi hiyo, akapata inayouzwa kwingine ikitolewa bure. Ilikuja ndani ya faili la zipu lenye paswadi, na paswadi yenyewe imeandikwa pembeni. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini kitu cha bure kifungwe kisha ufunguo uachwe mlangoni. Jibu ni kwamba faili likifungwa kwa paswadi, programu za ulinzi haziwezi kuona kilichomo. Onyo likatokea. Akafungua daftari, akafuata somo langu.

Baada ya hapo kikatokea kidirisha kikisema Windows inajisasisha. Alisubiri kwa utulivu, maana nilishamwambia kompyuta inayojisasisha haizimwi. Masasisho ya kompyuta ile niliyafunga kwa mkono wangu, kwa hiyo kidirisha kile hakingeweza kuwa cha kweli. Mimi ningekitambua papo hapo. Yeye sikuwahi kumwambia kwamba nimeyafunga.

Aliponipigia alisema majina ya mafaili yake yote yameongezewa herufi nne zisizo na maana, na hakuna linalofunguka. Kila folda lilikuwa na waraka mmoja, _readme.txt. Ilikuwa STOP/Djvu, programu inayofunga mafaili ya mtu kisha kudai fidia, na ambayo husambazwa sana kupitia kreki. Waraka ulidai dola 980, au nusu yake, dola 490, kwa atakayewasiliana na wahalifu hao ndani ya saa 72. Hiyo nusu ilizidi shilingi milioni moja.

Nilijua chanzo kabla sijakaa kwenye kiti. Nikamwambia, “Hizi flashi za wanafunzi, mama. Ndizo zimekuletea virusi.”

Uongo ule ulikubalika kirahisi, kwa sababu flashi za wanafunzi kweli huwa chafu. Kesho yake akabandika karatasi mlangoni: hatupokei flashi. Wanafunzi wakahamia duka la jirani. Mimi nikafuta kila kitu, nikapiga Windows upya, nikaweka kreki ileile, nikaiandika tena diski C kwenye orodha ileile, nikachukua elfu ishirini.

Kabla ya kufuta, kuyaokoa mafaili nilijaribu. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure programu ya kufungua mafaili yaliyofungwa na aina 148 za STOP/Djvu, lakini za zamani. Kwa aina zilizofuata, tumaini hubaki pale tu STOP/Djvu ilipotumia ufunguo iliokuja nao, kwa kushindwa kuwasiliana na mitambo ya wenyewe. Ukitaka kujua, unatazama mwisho wa namba ya utambulisho iliyo kwenye waraka: ikiishia na t1, subira inaweza kuzaa kitu. Ya mama haikuishia hivyo. Diski yake ya nje ya kuhifadhia nakala nayo ilikuwa imefungwa, maana ilikaa imechomekwa mchana na usiku, na mimi ndiye niliyemshauri asiichomoe ili asisahau. Kilichopona ni kazi alizokuwa amewatumia wateja kwa barua pepe.

Wiki chache baadaye barua pepe hiyo ikaanza kuwatumia watu ujumbe wa kuomba pesa. Niliposoma zaidi nikagundua kwamba STOP/Djvu mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba paswadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Nilipaswa kumwambia siku ya kwanza abadilishe paswadi zote, tena kwa kutumia simu, si kompyuta ile. Nikaenda dukani, nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza, “Flashi inaibaje paswadi, mwanangu?”

Hapo nikasema yote: orodha, masasisho, somo la daftarini, na kwamba flashi nilizisingizia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwa hiyo wale watoto niliwafukuza bure.” Akadai elfu ishirini yake nami nikamrudishia. Akaenda mlangoni, akabandua karatasi. Kazi yake hakunipa tena.

Siku hizi anayetaka Office bila leseni namwekea LibreOffice, ambayo ni bure kihalali na mafaili ya Word inayafungua. Anayetaka Photoshop namwonyesha GIMP. Namfungulia mteja akaunti mbili, ya kazi za kila siku isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na ya pili ya kuwekea programu tu. Masasisho yanaendeshwa usiku, kwa bando la usiku. Diski ya nakala inachomekwa, inanakili, inachomolewa. Wapo wanaonisikiliza hadi mwisho kisha wanavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine.

Kazi ngumu zaidi ni kuwapigia wateja wa zamani. Naanza na wenye maduka, kwa kuwa kompyuta zao zimebeba kazi za watu wengine. Namwambia afungue Windows Security, aingie kwenye mipangilio ya ulinzi wa virusi, ashuke hadi palipoandikwa Exclusions, na akikuta C imeandikwa pale aiondoe. Simfichi kwamba kreki itafutwa na Office itaanza kudai leseni. Wachache wamekubali. Wengi hunijibu kwamba kompyuta inafanya kazi vizuri, alama ni ya kijani, niwaache waendelee na shughuli zao. Siwezi kuwalaumu: aliyewafundisha kwamba onyo ni usumbufu tu ni mimi, na walinilipa kwa somo hilo.