Mbizi na Kafi

Kisiwa cha Bonaire kimelala kusini mwa Bahari ya Karibi, yapata kilomita 80 kutoka pwani ya Venezuela. Kina umbo la mwezi mchanga ulioipa mashariki mgongo, na ndani ya kumbatio lake kimekaa kisiwa kingine, kidogo, tambarare, kisichokaliwa na mtu, kiitwacho Klein Bonaire. Tangu mwezi wa Januari ramani ya visiwa hivi viwili ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji katika nyumba moja ya ghorofa jijini Rotterdam, ikishikiliwa na sumaku nne, na kila aliyekwenda kuchukua maziwa alilazimika kuisoma.

Mwenye nyumba ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Umri wake ni miaka 52, kazi yake ni kuendesha tramu, na zaidi ya nusu ya maisha yake ameyaishi katika nchi ambayo bahari yake ni ya rangi ya jivu. Binti yake wa pekee ana miaka 16. Kama watoto wengi wa Uholanzi alifundishwa kuogelea tangu udogoni, akapewa vyeti vitatu, A, B na C, ambavyo mama yake ameviweka katika bahasha moja na cheti cha kuzaliwa. Binti ndiye aliyetaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Baba naye alitaka kushika kafi tena. Likizo ya shule ya Oktoba ilikuwa moja tu, na fedha zilikuwa za safari moja, basi ikabidi matakwa mawili yatiwe katika chombo kimoja.

Kwa nini Bonaire, ilhali Karibi ina visiwa tele? Sababu ya kwanza ni ya makaratasi: kisiwa hiki ni sehemu ya Uholanzi, na tangu tarehe 10 Oktoba 2010 kimekuwa na hadhi ya manispaa maalumu. Sababu ya pili ni ya mwanafunzi. Mwamba wa matumbawe huko u karibu mno na pwani ya magharibi, hata mtu huingia majini kwa miguu yake, akaogelea kidogo, akafika. Mawe yaliyopakwa rangi ya manjano kando ya barabara humwonyesha mahali pa kuingilia. Maji yote yanayozunguka visiwa hivyo, toka alama ya maji kujaa mpaka kina cha mita 60, ni hifadhi tangu mwaka 1979. Nanga haitupwi juu ya matumbawe. Vyombo hufungwa kwenye maboya. Mzamiaji haruhusiwi hata kuvaa glavu, kwa hoja kwamba mkono mtupu huogopa kushika. Sheria hiyo ya glavu ilimfurahisha sana yule baba. Alisema imetungwa na mtu anayeijua tabia ya binadamu.

Mafunzo ya mwanzo yana daraja zake. Mwanafunzi husoma, huingia katika bwawa, kisha hupiga mbizi nne baharini, na akifaulu hupewa cheti kinachomruhusu kushuka hadi mita 18 pamoja na mwenzake. Masomo na bwawa vyaweza kukamilishwa nyumbani, zikabaki zile mbizi nne tu za kisiwani, na huo ndio mpango ulioandikwa. Wote wawili walijiandikisha. Kila Jumanne usiku baada ya chakula waliketi mezani na kitabu kimoja, binti akisoma kwa Kiholanzi na baba akijibu kwa Kiswahili.

Sura ya masikio ndiyo iliyowakalisha muda mrefu. Mtu akishuka mita kumi tu katika maji ya bahari, mgandamizo unaomzunguka huwa maradufu ya ule wa juu. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hunywea, kiwambo kikavutwa kwa ndani, na maumivu huanza katika mita chache za mwanzo. Dawa yake ni kuziba pua kwa vidole na kupuliza taratibu, mapema, kabla sikio halijalalamika, na kurudia kila baada ya hatua ndogo. Asiyefanya hivyo akazidi kujilazimisha chini, kiwambo hupasuka.

Baba alimwomba binti aisome tena aya ile. Kisha akasimulia jambo ambalo mkewe mwenyewe hakuwahi kulisikia. Babu wa mtoto huyu, aliye hai Wete hadi leo, alikuwa mzamiaji. Alizamia makome na kuwinda pweza bila mtungi wala mapezi, kwa pumzi ya kifua chake, na siku moja, kabla mwanawe hajaanza shule, alitoka majini damu ikimtiririka sikioni. Tangu siku ile sikio la kushoto halisikii. Mtaani ilisemwa kwamba shetani wa baharini alimpiga kofi kwa kuingia pasipo ruhusa. Palipikwa, pakafukizwa, pakasomwa. Mzee mwenyewe hakukubali wala hakukanusha, aliendelea kuzamia. Na sasa, katika jiko la Rotterdam, miaka arobaini na kitu baadaye, shetani yule amepatikana ukurasani, na kinga yake ni vidole viwili puani.

Yamkini hapo ndipo safari ilipoacha kuwa likizo kwa yule baba. Akataka kushuka mahali alikoshuka mzee wake, akiwa na kile ambacho mzee hakupewa.

Lakini ilikuwapo fomu. Kila anayetaka kujifunza kuzamia hujaza maswali ya afya, na swali mojawapo huuliza kama umri wake umepita miaka 45. Akijibu ndiyo, hupelekwa katika kisanduku kingine: je, anavuta sigara, ana mafuta mengi katika damu, ana shinikizo la damu? Pengine huulizwa pia kama anatumia dawa za kuandikiwa na daktari. Ndiyo moja katika maswali hayo yatosha. Hapana mwalimu atakayempokea mpaka daktari atie sahihi. Sababu iko wazi. Ugonjwa wa moyo unaovumilika barabarani, ambako mtu aweza kuegemea ukuta, ni jambo jingine kabisa kwa mtu aliye chini ya maji mita kumi na mbili, anayeogelea dhidi ya mkondo. Tena humtia hatarini na mwenzake, kwani mwenzake hatamwacha.

Baba huyu humeza kidonge cha shinikizo la damu kila asubuhi. Fomu ya binti ilijazwa kwa dakika tano. Ya baba ilikaa mezani siku kumi na moja, ikihamishwa kutoka chini ya bakuli la matunda hadi juu ya redio. Rafiki mmoja wa kazini alimwambia kwamba watu huandika hapana kila mstari na hakuna anayewauliza. Ni kweli, huandika. Mkewe hakusema kitu mpaka siku ya kumi na moja, na aliyoyasema yalikuwa machache: "Mwenzako wa kuzamia ni nani? Si mtoto huyu?" Fomu ikajazwa usiku ule, ndiyo zote mahali pake.

Wakati daktari akingojewa, mazungumzo yaligeukia kayaki, na huko mwalimu alikuwa baba. Binti alikwisha kupanga kwamba siku ya pili watavuka kwa kafi kwenda Klein Bonaire. Katika ramani ni kitu kidogo. Pale palipo karibu hapafiki kilomita moja. Baba akauliza upepo wa huko unavuma kutoka wapi. Bonaire haina kusi wala kaskazi. Hakuna kule kubadilishana kwa pepo ambako watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamekujengea kalenda na biashara. Kuna upepo mmoja wa mashariki, unaovuma karibu mwaka mzima, ukipungua kiasi mwezi Septemba na Oktoba. Basi anayetoka pwani ya magharibi kwenda Klein Bonaire husukumwa mgongoni. Hujiona hodari. Kurudi ndiko kwenye kazi, naye amekwisha kuchoka, na akishindwa, nyuma yake ni bahari tupu. Binti alikaa kimya, akaichukua penseli, akachora mishale ya upepo juu ya ramani ile ya friji, kisha akaifuta safari ya kayaki mwenyewe. Watavuka kwa mashua ya abiria.

Kafi ikahamishiwa Lac, ghuba ya upande wa mashariki. Ingawa inatazama upepo, mdomoni mwake kuna mwamba unaoyavunja mawimbi, na ndani maji ni ya kina kifupi, yamezungukwa na mikoko. Mkoko wa huko ni ndugu wa mkoko wa Pemba, wa jenasi moja, wenye mizizi ile ile iliyojikunja kama miguu ya kaa. Kati ya mizizi hukulia pono na samaki wengine wachanga kabla ya kuhamia mwambani, na sakafuni hulala konyeza waliojipindua, mikono juu, wakiota jua. Huingiwa asubuhi, upepo ungali mdogo, na hupitwa katika vijia ambavyo kafi huwa haina nafasi ya kufunguka. Baba aliijua kazi hiyo tangu utotoni, ila chombo kilikuwa mtumbwi na kafi ilikuwa ya upande mmoja.

Orodha ya mahali pa kuzamia nayo ilileta jambo. Kusini mwa kisiwa kuna mashamba ya chumvi, na katika orodha yamo majina mawili ya Kiingereza ambayo tafsiri yake ni Mtumwa Mweupe na Mtumwa Mwekundu. Binti alidhani ni majina ya samaki. Kumbe pwani hapo vimesimama vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 hivi, vya kulala watumwa waliovuna chumvi, milango yake mifupi hata mtu mzima huingia kwa kuinama. Familia zao zilikuwa Rincon, kaskazini, mwendo wa saa saba kwa miguu, wakauendea mwisho wa juma. Uhuru uliwafikia mwaka 1863. Mtu wa Visiwani hahitaji kuelezwa mambo haya kwa urefu. Mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja ni wa 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa mpaka 1897. Ila baba aliona vigumu kuizoea fikira ya watu kuvua viatu mbele ya vibanda vile, wakajifunga mitungi, wakaingia majini kufurahi. Walibishana. Binti alisema wasiende kabisa. Baba akasema waende, lakini bila mitungi, na watie vichwa vyao ndani ya kibanda kimoja.

Kuna mgeni mwingine Karibi ambaye baba alimtambua kwa picha tu: samaki mwenye mistari, mapezi marefu mfano wa manyoya, na miiba yenye sumu. Wazamiaji humwita samaki-simba. Kwao ni bahari ya Hindi na Pasifiki, na watoto wa Pemba hukatazwa kumgusa. Mwaka 1985 alionekana Florida, na dhana yenye nguvu ni kwamba aliachiwa na wafugaji wa samaki wa vioo. Oktoba 2009 akafika Bonaire. Huko hapana mnyama aliyezoea kumla, naye hula kila kichanga kinachoingia kinywani mwake. Kisiwa kilichopiga marufuku mikuki ya samaki kikalazimika kuwapa wazamiaji mikuki mifupi kwa ajili yake peke yake. "Katoka kwetu huyu," baba alisema, kwa sauti ambayo haikujulikana kama ni ya fahari au ya kuomba radhi.

Haraka ya safari ilikuwa na sababu nyingine. Mwaka 2023 ugonjwa unaoua matumbawe magumu, ulioanza kuonekana Florida mwaka 2014, ulibainika Bonaire, na joto la bahari la mwaka huo na uliofuata lilipausha miamba mingi duniani. Wazamiaji husihiwa kusafisha vifaa vyao kwa dawa kati ya mahali na mahali. Ungoje miaka mitano, nawe huenda ukakuta mawe.

Daktari wa familia alimwelekeza baba kwa daktari wa michezo. Huko alipandishwa baiskeli isiyokwenda popote, waya zikabandikwa kifuani, akaambiwa akanyage. Shinikizo lilipanda kuliko ilivyopaswa. Daktari hakusema kamwe; alisema si mwaka huu. Dawa ibadilishwe, arudi baada ya miezi sita, wapime tena. Baba alirudi kazini siku ile ile, akaendesha tramu hadi saa nne usiku.

Mpango uliandikwa upya, na, haina budi kusemwa, ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Binti atafanya mbizi zake nne katika siku mbili za mwanzo, pamoja na mwalimu, na siku mbili zinazofuata atazamia na wengine wenye cheti. Baba atakuwa juu yake, kwa miwani na mrija, akifuata viputo. Siku ya mwisho ni ya kayaki. Hilo si pambo: aliyezamia siku kadhaa mfululizo hushauriwa kungoja si chini ya saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini itoke polepole, na saa hizo yafaa zitumike juu ya maji, si chini yake.

Wete alipigiwa simu. Mzee aliihamishia simu sikio la kulia, akasikiliza habari yote, ya kitabu, ya vidole puani, ya daktari na baiskeli. Akauliza kama mtoto ameelewa kwamba apulize kabla ya maumivu. Akaambiwa ameelewa. Akataka aambiwe na mtoto mwenyewe.

Kayaki iliyokodiwa ni ya viti viwili, na anayekaa nyuma ndiye anayeongoza. Tiketi zimekwisha kulipiwa; nani atakaa nyuma, bado hawajakubaliana.