Mashini yetu haikusikia kidole

Wengi wenu mumesikia habari ya kidole cha mama mmoja wa kikundi chetu, na kila mtu anaieleza kwa namna yake. Mimi nilikuwapo. Tena ni mimi niliyemwambia afanye vile alivyofanya, basi muniache niieleze mwenyewe.

Munajua tunauzisha mikate yenye fromaji ya Masisi kwa wanafunzi kila asubuhi. Kwa kisu vipande havilingani: mtoto mmoja anapata kinene, mwenzake chembamba, na kelele inaanza. Ndipo tukatoa makuta ya likelemba, tukanunua mashini ya kukatia iliyokwisha kutumika Ulaya. Ina kisu cha duara kinachozunguka, sahani inayokwenda na kurudi yenyewe kwa nguvu ya kuranti, na kibati chenye meno cha kusukuma chakula kuelekea kisu. Muuzaji alituonyesha kwa kukata sosiso ngumu. Vipande vilianguka kama kurasa za kitabu, nasi tukapiga vigelegele.

Lakini fromaji changa, ikikaa mezani kwenye joto, inakuwa laini sana. Meno ya kibati yaliizamia na kuipasua. Kibati kikaendelea kusukuma, fromaji ikavimba katikati na kugandamana na kisu. Asubuhi ile tuliharibu fungu zima. Mama akaniuliza: «Mwalimu, wewe ulisoma fizika, tufanye nini sasa?» Nami, na diploma yangu ya ISP, nikajibu haraka: «Tuondoe kibati, mama. Ushike na kiganja, mkono utasikia ulaini wake.» Akakubali kwa sababu mwalimu amesema. Vipande kama kumi vikatoka vizuri. Kisha fromaji ikateleza, sahani ikaenda mbele kama kawaida yake, na ncha ya kidole gumba ikakatika.

Kidole kilipona, ila ncha haikurudi. Kwa majuma mengi nilikuwa ninapita njia nyingine ili nisikutane naye. Nilichosema juu ya mkono kilikuwa kweli: mkono unasikia ulaini. Lakini nilisahau upande wa pili, yaani mashini haikusikia kitu. Basi nikaanza kusoma ili nijue namna viwanda vinavyokata fromaji laini na nyama zilizopikwa, maelfu ya vipande, bila mkono wa mtu kukaribia.

Kwanza, mashini hizo zinatafuta chakula mahali kilipo. Mwali wa mwanga unapita kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine. Fromaji inapoukata mwali huo, mashini inajua mwanzo wa fromaji umefika hapo. Halafu mkono wa chuma unakuja kwa nyuma. Ukiwa mbali unakwenda mbio. Ukikaribia unapunguza mwendo. Mbele ya mkono huo kuna kibati chepesi, na kikigusa fromaji kinarudi nyuma kidogo tu. Kurudi huko kudogo ndiyo habari yenyewe: mkono unasimama, haukandamizi tena, na makucha madogo yanajifunga kwenye mwisho wa fromaji. Tangu hapo fromaji inasogezwa kwa kipimo, kipande kwa kipande. Mashini nyingine zinashika kwa kufyonza hewa, kwa vyakula ambavyo makucha yangevirarua. Kile kipande cha mwisho kilichoshikwa hakikatwi, kinatolewa pembeni.

Nilipoelewa nilicheka peke yangu, maana ni kazi tunayoifanya sokoni tukichagua avoka. Vidole vinakwenda, vinagusa, vinabonyeza kidogo, vinasimama. Ukibonyeza zaidi, muuzaji atakulipisha!

Tena viwanda haviachi ulaini kama ulivyo. Kabla ya kukata wanapoza chakula sana, nyama wakati mwingine mpaka uso wake uanze kuganda, ili kiwe kigumu kidogo na kivumilie kushikwa. Mkate pia unangojewa upoe, kwa kuwa mkate wa moto unakandamizwa na kisu. Otto Rohwedder, yule Mmarekani ambaye mashini yake ilikata mikate ya kwanza ya kuuzisha huko Chillicothe, Missouri, mwaka 1928, alisumbuka sana na kushika: vipande vikikwisha kukatwa, vingekaaje pamoja visikauke? Alijaribu hata pini, akaziacha.

Mashini yetu haina mwali wala mkono unaosikia. Mota yake inasukuma sawasawa, ikutane na fromaji, ubao au kidole. Hicho kibati nilichokiondoa, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa kinga ya mkono. Hilo nililisema wazi mbele ya kikundi, na nikamwomba mama msamaha. Aliniambia tu: «Mwanangu, ukae chini, ule.»

Yaya anayeshika sanduku la kikundi alitaka mashini iuzishwe mara moja. Wengine walisema makuta yetu bado yamo ndani yake. Tumekubaliana hivi: kibati kimerudishwa na hakiondolewi, tunanunua fromaji iliyokomaa, nayo inalala kwenye frigo. Ikiwa kuranti ilikatika usiku, mashini haiwashwi.

Kwa siku hizo mama mwenyewe ndiye aliyepata dawa: uzi wa nailoni uliofungwa kwenye vijiti viwili. Uzi ni mwembamba, haukandamizi, fromaji haigandamani nao. Vipande vyake vinalingana kuliko vya kisu, na wanafunzi hawajalalamika.

Siku ya posho iliyopita kuranti haikuwapo usiku kucha. Alifika mbele yetu sote, akabonyeza fromaji kwa kidole kile kifupi, akatikisa kichwa, akafungua fundo la kitenge chake na kutoa uzi.