Siku ya Kwanza ya Mgeni Moshi

Mgeni anayeingia Moshi peke yake huwa na mambo matatu ya kumaliza kabla ya usiku: pa kulala, fedha za matumizi, na mtu wa kumfikisha mlimani. Mambo hayo ni yale yale tangu enzi za misafara. Kilichobadilika ni nani anayeyashughulikia, na lini. Kwa muda mrefu yote matatu yalipatanwa siku ile ile ya kuwasili, uso kwa macho, na mgeni aliyeshuka bila mwenyeji alikuwa na mwenyeji kabla jua halijatua, apende asipende. Siku hizi mengi huwa yamekwisha kabla hajafunga begi kwao.

Kabla ya mji kuwapo, mwenyeji alikuwa Mangi, mtawala wa Wachagga. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro iligawanyika katika tawala nyingi, Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu na nyinginezo, na kila utawala ulikuwa na taratibu zake za kumpokea mpita njia na hongo yake, yaani ushuru wa kupita. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kilema mwezi Mei 1848, Mzungu pekee katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia na wenyewe. Katika safari za namna ile mgeni hakujipangia siku yake ya kwanza. Habari zake zilitangulia, akangoja ruhusa, akaulizwa amebeba nini, ndipo akaonyeshwa pa kulala. Mwaka uliofuata Rebmann alikwenda Machame akiwa na nia ya kupita hadi mbali zaidi, lakini Mangi Mamkinga akammalizia bidhaa zake na safari ikaishia hapo. Charles New, naye mmisionari, alipanda hadi kwenye theluji mwaka 1871. Aliporudi miaka michache baadaye, Mangi Rindi wa Moshi, maarufu kwa jina la Mandara, alimpokonya karibu kila kitu, na New akafa mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Kituo cha kwanza cha kulala katika njia ya Marangu leo kinaitwa Mandara. Wapandaji wanaolala hapo, wakiwa wamekwisha kulipa ada zote za hifadhi, ni nadra kuelezwa kwamba mwenye jina hilo naye alikuwa hodari wa kutoza.

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na ikauteremsha mji. Boma la awali lilikuwa juu, mahali panapoitwa Old Moshi hadi leo, alikonyongwa Mangi Meli, mwana wa Rindi, mwezi Machi 1900. Stesheni ilijengwa chini kwenye tambarare, na Moshi ya sasa ikaota kuizunguka. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliunganisha reli hiyo na ile ya Voi, hivyo ikawezekana msafiri kushuka meli Mombasa na kuteremka treni Moshi. Mgeni wa miaka ya 1920 na 1930 hakuwa na haja ya kukaa mjini. Hamali alichukua sanduku, gari likapanda Marangu, na hoteli za huko, Kibo Hotel ikiwa ya zamani zaidi, zikamtafutia kiongozi, mpishi na wapagazi kutoka vihamba vya jirani. Sheila MacDonald, Mwingereza, alifika kileleni mwaka 1927, mwanamke wa kwanza kurekodiwa kufika huko. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa klabu ya wapanda mlima iliyotunza vibanda vya njiani. Hayo yote yalikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyeshuka treni ile ile hakulala Kibo Hotel. Alitafuta mtu wa kwao Majengo, au alipanda mlimani kwa miguu hadi kwenye mgomba wa ndugu.

Fedha za kahawa ndizo zilizoufanya mji wenyewe uwe na cha kumpa mgeni. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilijenga jengo katikati ya mji, na katika ghorofa zake za juu ikafunguliwa hoteli ya Coffee Tree. Baada ya Uhuru, hosteli ya YMCA ikawa kituo cha vijana wenye mkoba wa mgongoni: vyumba vidogo, bafu la pamoja, na kwa aliyebahatika, dirisha linalotazama kaskazini. Uwanja wa ndege wa KIA ulifunguliwa mwaka 1971, na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ikatangazwa mwaka 1973. Ilionekana kana kwamba wageni sasa wangemiminika.

Hawakumiminika. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Moshi hili lilikuwa pigo la pekee. Mpaka wa Holili na Taveta uko umbali wa mwendo mfupi wa gari, na kwa miongo mingi mgeni wa Kilimanjaro alikuwa ameanzia Nairobi au Mombasa. Ghafla ilimbidi aanzie Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa basi katika barabara iliyochoka. Wenye umri wa kutosha mjini wanaikumbuka Moshi ya wakati huo kama mji wa foleni, sukari kwa kibali na sabuni kwa bahati. Mgeni alipokelewa na uhaba ule ule. Alikuwa na fomu aliyojaza mpakani kutaja kila noti ya kigeni aliyoingia nayo, na kila alipobadilisha fedha benki iligongwa muhuri. Nje ya benki palikuwa na watu waliomwambia kwa sauti ya chini bei iliyozidi ya benki mara kadhaa. Mtihani wa siku ya kwanza ulikuwa hapo: kukubali na kuhatarisha kukamatwa, au kukataa na kula chakula cha mchana kwa bei ya chakula cha harusi.

Hata hivyo huo ndio wakati ambao mgeni wa peke yake alionekana kama mtu. Wageni walikuwa wachache, na aliyekaa barazani na kitabu alizungukwa na wanafunzi waliotaka kujaribu Kiingereza chao, akaalikwa nyumbani, akajikuta Kibosho au Uru ameshika kibuyu cha mbege ambacho hakujua ni ustaarabu kukinywa kwa kiasi gani. Kwa kupitia watu aliokutana nao namna hiyo ndipo alipompata kiongozi wa kumpandisha mlima: mjomba wa mwanafunzi, jirani wa mwalimu. Hakuna haja ya kuipamba enzi hiyo. Jumba zuri la wageni lilikosa maji, na mgeni aliyeugua alikuwa na bahati kwamba hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilikuwa pale pale mjini.

Miaka ya 1990 mlango ulifunguka wazi. Maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa kuanzia mwaka 1992, fomu ya mpakani ikafa, nyumba za wageni zikajaa katika mitaa ya katikati, na kampuni za kupandisha watalii zikaanza kuchipuka. Treni ya abiria ilikoma katika miaka hiyo hiyo, kwa hiyo lango la mji likawa stendi ya mabasi, na siku ya kwanza ya mgeni ikawa, kwa sehemu kubwa, ni nusu saa ya stendi.

Nusu saa hiyo inastahili kuelezwa. Basi la kutoka Dar linaingia alasiri. Kabla halijasimama, wapiga debe wanakimbia sambamba na madirisha, macho yakitafuta ngozi nyeupe au begi lenye mikanda mingi. Mgeni anaposhuka, begi liko chini tayari, mkononi mwa mtu asiyemjua. Mmoja anauliza, "Marangu au Machame?" kana kwamba amekubaliwa. Mwingine anasema ofisi ni ya kaka yake, hatua chache tu. Wa tatu hasemi kitu, anatembea naye bega kwa bega, na huyo ndiye anayefaulu mara nyingi, kwa sababu mgeni anamshukuru kwa ukimya wake. Ofisini kuna meza, ramani ya mlima na picha za watu wenye miwani ya theluji. Bei inaanzia juu. Inashuka. Ikishuka mno, mzoefu angejua kwamba imeshushwa kwenye mshahara wa wapagazi na kwenye chakula, lakini mgeni wa siku ya kwanza si mzoefu. Waliokuwa vijana wa stendi miaka hiyo, wengine sasa wana kampuni zao zenye magari, husema bila haya kwamba kamisheni ya mgeni mmoja ililisha nyumba kwa wiki.

Ubaya wa mtindo huo ulionekana juu, kwenye baridi, kwa wapagazi waliopanda na viatu vya wazi. Shirika la kutetea wapagazi, KPAP, lilianza kazi Moshi mwaka 2003, likasimamia mzigo usiozidi kilo 20, malipo na mavazi. Kwa mgeni maana yake ilikuwa kwamba aliuliza swali jipya siku ya kwanza: mnawalipa nini watu wenu? Ni swali la haki, ingawa wenye ofisi walijifunza kulijibu vizuri haraka kuliko walivyojifunza kulitekeleza.

Siku hizi mgeni hafiki stendi. Ndege kutoka Amsterdam, Doha au Addis Ababa humshusha KIA, viza ameomba mtandaoni tangu kwao, na nje ya mlango dereva ameshika karatasi yenye jina lake. Kutoka hapo gari hupita Bomang'ombe, Kwa Sadala na daraja la Weruweru gizani, na cha kwanza anachokiona cha Kilimanjaro ni taa za maduka na moshi wa nyama choma. Bei ilikubaliwa kwa WhatsApp miezi mitatu nyuma. Asubuhi kiongozi anakuja hotelini, anamwambia amwage vitu vyote kitandani, na kazi inaanza: koti hili halifai, soksi ziongezwe, begi la kulalia litakodiwa, mifuko ya plastiki iachwe. Anapimwa oksijeni kwa kifaa kinachobanwa kidoleni. Anakwenda kusajili laini ya simu kwa pasipoti, anatoa shilingi kwenye mashine, na saa sita mchana hana la kufanya.

Hapo ndipo mji unapomshika, kwa mambo ambayo hakuna kampuni inayoyauza. Anauliza mlima uko wapi na anaelekezwa juu kuliko alivyotazama, kwenye wingu. Kibo, kilele cha mlima, hujificha mchana na kutoka alfajiri au jioni, na si mara moja mgeni amedhani anataniwa. Anatupa ganda la ndizi na mtu anamkemea, kwa kuwa Moshi inajivunia usafi wake na manispaa hutoza faini. Anakula mtori akidhani ni supu ya viazi. Akija siku za kuelekea Krismasi anakuta mji si wake kabisa: Wachagga wanarudi kutoka Dar, Mwanza na kwingineko, mabasi yamejaa, mbuzi wamepanda bei, na wanaoonekana wageni ni wenyeji.

Treni nayo imerudi. Desemba 2019 safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi zilianza tena baada ya takriban robo karne, na mara moja moja mgeni mwenye muda huteremka kwenye stesheni ile ile ya kale, amechoka na mwenye vumbi, bila dereva wa kumngoja. Huyo bado ataishi siku ya kwanza ya mtindo wa zamani, tofauti ikiwa kwamba bodaboda ndiye atakayemfikia kabla ya hamali.

Upweke wa mgeni yeyote lakini una kikomo. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda Kilimanjaro bila kiongozi mwenye leseni, na mtu mmoja anayelala kwenye mahema huhitaji kiongozi, mpishi na wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, mara nyingi zaidi ya watu watano kwa jumla. Anayetaka kuwa peke yake hasa hana budi kuwa hivyo mjini, kabla ya kupanda.

Kwa sababu hiyo ratiba nyingi za sasa, zinazomfikisha mgeni usiku na kumpandisha asubuhi inayofuata, ni mbaya. Zinaunyima mwili usingizi baada ya safari ndefu, na zinambakizia mji uwe kitanda tu. Anayepanga safari aombe usiku mmoja wa ziada Moshi, aamke saa kumi na mbili alfajiri ya siku ya kwanza atazame kaskazini kabla wingu halijashuka, na mchana apande daladala ya Kibosho au Uru, ashuke popote penye migomba, na asalimie.